Simbang Gabi: Misa za Alfajiri za Ufilipino

Heshima kwa Bikira Maria aliye mjamzito ina mizizi mirefu nchini Hispania. Mwaka 656, Mtaguso wa Kumi wa Toledo uliagiza sikukuu yake iadhimishwe tarehe 18 Desemba, juma moja kabla ya Noeli, kwa kuwa tarehe 25 Machi, siku ya Kupashwa Habari, mara nyingi huangukia Kwaresima.

Karne ya 16, wamisionari Waagustino waliivusha bahari ibada hiyo hadi Meksiko. Huko Acolman umati ulizidi nafasi ya kanisa, naye Fray Diego de Soria akamwomba Papa Sixtus V, aliyetawala kuanzia 1585 hadi 1590, ruhusa ya kuadhimisha misa uwanjani kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba.

Waagustino hao walikuwa wamekwisha kutua Cebu, Ufilipino, mwaka 1565 pamoja na Miguel López de Legazpi, na merikebu za Acapulco ziliendelea kuiunganisha Manila na Meksiko hadi 1815. Ndiyo njia iliyoleta visiwani novena hii, yaani misa za siku tisa, iitwayo huko Simbang Gabi. Lakini mkulima wa Ufilipino alikwenda shambani kabla jua halijawa kali, basi misa ikawekwa alfajiri, apate kusali kwanza. Ijapokuwa Majilio ni kipindi cha zambarau, padre alivaa nyeupe na Utukufu ukaimbwa. Nje ya kanisa, chini ya taa za mianzi na karatasi zenye umbo la nyota, waumini walifungua kinywa kwa bibingka, mkate wa mchele ulio jamaa wa mkate wetu wa kumimina.

Karne ya 20 ilibadili kazi. Miji ilipanuka, na parokia nyingi zikaongeza misa ya jioni kwa ajili ya wafanyakazi. Baada ya Sheria ya Kazi ya 1974 kuweka utaratibu wa ajira za ng'ambo, Wafilipino walimiminika Ghuba, nao leo hulijaza kanisa la Mtakatifu Maria, Dubai, kila Desemba. Tarehe 15 Desemba 2019, Papa Fransisko aliwaongozea wenzao wa Roma misa hiyo katika Basilika la Mtakatifu Petro, saa za alasiri.

Wapo wanaoiona misa ya jioni kuwa imepotoka. Historia inawajibu: hata alfajiri ilichaguliwa kwa sababu ya kazi. Kanisa lililompangia mkulima saa yake lina wajibu uleule kwa muuguzi, baharia na mtumishi wa nyumbani.