Mashimo kwenye sakafu ya kombi

Tulipong'oa viti vya HiAce tuliyonunua, mimi na kaka yangu, kitu cha kwanza tulichoona ni mashimo. Safu nne za mashimo ya bolti, yote yamezungukwa na kutu, na pembeni njia nyembamba iliyolainishwa na viatu vya watu. Mpango wetu ulikuwa mdogo tu: kitanda nyuma, kabati la jiko ubavuni, betri chini ya kitanda, tuweze kulala njiani tukienda Durban. Lakini hii gari ilikuwa teksi. Kwenye kipindi tuligusia hilo kwa dakika mbili tukapita. Hapa nataka kukaa nalo kidogo.

Tuanze na jina. Kombi ni kifupi cha neno refu la Kijerumani, maana yake gari ya matumizi mchanganyiko. Volkswagen walipoanza kuitengeneza mwaka 1950, sifa yake ilikuwa viti vinavyotoka: leo unabeba watu, kesho unabeba mizigo. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikatengeneza sanduku la kambi, yaani kabati na malazi unayoingiza ndani ukitaka safari, kisha unayatoa ukirudi kazini. Kwa hiyo hawa vijana mnaowaona mtandaoni na plaiwudi na skrubu zao hawajavumbua kitu. Wanarudia wazo la 1951.

Afrika Kusini ililipenda wazo hilo kuliko nchi nyingi. Kiwanda cha Uitenhage, mji ambao leo unaitwa Kariega, kiliendelea kuunda kombi ya kizazi cha tatu mpaka 2002, miaka mingi baada ya Wajerumani wenyewe kuiacha, tena kikaiwekea injini za Audi zenye silinda tano. Miaka ya 1970 kampuni ya Jurgens, iliyojulikana kwa karavani, ilichukua kombi na kuijengea nyumba ya faibaglasi mgongoni, na kitanda juu ya kichwa cha dereva. Waliiita Auto Villa. Bado unakutana nazo barabarani, zinapanda mlima polepole na foleni nyuma.

Na kabla ya injini kulikuwa na gari la ng'ombe. Hilo nalo lilikuwa na samani zake: sanduku la mbao mbele lililokuwa kiti na ghala kwa pamoja, na kitanda cha fremu ya mbao kilichosukwa kwa kamba za ngozi. Ukienda kwenye mnara wa Voortrekker kule Pretoria, uliozinduliwa 1949, utakuta umezungushiwa ukuta wa magari 64 ya kuchongwa. Shule ilitupeleka, tukayahesabu. Hakuna aliyetuambia kwamba mara nyingi aliyetembea mbele akiwaongoza ng'ombe alikuwa mtumishi mweusi, na kitanda kile hakikuwa chake.

Nyumba unayotembea nayo inahitaji mahali pa kusimama, na hapo ndipo historia inapokuwa chungu. Sheria ya 1953 ya kutenganisha huduma iliruhusu fukwe, bustani na viwanja vya kambi kuwekwa kwa ajili ya Wazungu peke yao, na ilisema wazi kwamba huduma za wengine si lazima ziwe sawa. Ilifutwa 1990. Mpaka 1986, Mwafrika asiye na haki ya kuishi mjini hakuruhusiwa kukaa eneo la mji zaidi ya masaa 72 bila kibali. Wahindi walikuwa na balaa lao: sheria ya 1891 iliwazuia kukaa Orange Free State, na hiyo haikuondoka mpaka katikati ya miaka ya 1980. Sasa chukua ramani. Kutoka Johannesburg kwenda Cape Town kwa N1, unapita katikati ya jimbo hilo. Familia ya Kihindi hata ingekuwa na Auto Villa yenye godoro safi na jiko la gesi, ingeegesha wapi usiku? Hebu fikiria unaendesha na kitanda mgongoni, na huna ruhusa ya kulala.

Wakati huohuo watu weusi walikuwa wamesukumwa mbali na kazi zao, Soweto na kwingineko, na walihitaji usafiri kila alfajiri. Gari ileile ikaingia kazi nyingine. Sheria ya usafiri ya 1977 ilihesabu kuwa basi ni gari inayobeba zaidi ya watu tisa, pamoja na dereva. Wafanyabiashara weusi wakapiga hesabu: dereva mmoja na abiria wanane si basi, basi ni teksi! Vibali vilikuwa vigumu kupata, wengi waliendesha bila. Kufikia 1988 serikali ilikuwa imeshalegeza kamba, na kombi ya watu 16 ikawa halali. HiAce zilijaa mjini, na watu wakaziita Zola Budd, jina la yule msichana wa Bloemfontein aliyekimbia peku kwenye Olimpiki ya 1984, kwa sababu ya mbio zake.

Kwa hiyo bati ni lilelile, tofauti iko ndani. Kwa mmoja, sheria ilikuwa inahesabu viti vyake. Kwa mwingine, viti vilitolewa ili apate kulala karibu na bahari. Na hesabu ya viti haijaisha hadi leo: kuna Quantum zilizoundwa kubeba mizigo ambazo watu walizitoboa madirisha na kuzifunga viti kinyume cha sheria, zikawa teksi, na mpaka ofisi ya Mlinzi wa Umma ikachunguza. Kiti kilichofungwa kwenye sakafu isiyotengenezwa kushikilia kiti kinang'oka gari ikigonga. Hapo hakuna mzaha.

Baba alipokuja kuona kazi yetu alizunguka gari mara mbili, akacheka. "Sisi Dar tulikuwa tunaongeza viti, nyinyi mnatoa." Akatueleza habari za chai maharage, zile pikapu zenye mabenchi mawili ya mbao, abiria wanatazamana magoti kwa magoti. Fundi seremala ndiye aliyekuwa mtengeneza mabasi. Nikamkumbusha gari za watalii za Nairobi zenye paa linaloinuka, akasema eeh, zile alikuwa anaziona zinapita tu.

Tumekwangua kutu, tumepaka rangi ya kuzuia kutu, tumeweka sufi ukutani maana baridi ya Julai hapa haina huruma. Mashimo mengi tumeyaziba kwa vipande vya chuma. Safu ya kwanza nyuma ya dereva tumeiacha, na kiti chake cha asili kimerudi palepale na mikanda yake, kwa sababu Baba amesema Durban anakuja na Mama, na Mama hakai kwenye kitanda gari ikitembea. Kilichobaki ni kwenda kubadilisha karatasi za gari. Kwenye fomu tutaulizwa inabeba watu wangapi.