Laptopu mpya, Windows ya zamani

Leo tukumbuke enzi ambazo ukinunua laptopu mpya, kazi ya kwanza ilikuwa kuirudisha nyuma.

Tarehe 30 Januari 2007 Microsoft waliingiza sokoni Windows Vista. XP ya mwaka 2001 iliweza kuwaka hata kwa memori ya MB 64. Vista ikadai MB 512 kwa uchache, na GB 1 kwa matoleo yake ya kifahari. Laptopu za bei nafuu zikawa zinasota, na printa kadhaa za zamani zikagoma kwa kukosa draiva.

Sasa ipeleke mashine hiyo Malambo, kwa wafugaji wa wilaya ya Ngorongoro. Fikiria mwalimu anayetaka kuchapa mtihani kwa umeme wa sola. Kila dakika anayosubiri mashine iwake ni betri inayokwisha. Kwake XP haikuwa ushamba, ilikuwa hesabu.

Lakini kurudi kulikuwa na kazi. Ukiweka CD ya XP, laptopu nyingi mpya zilikutolea skrini ya bluu, maana XP haikuitambua diski ya SATA. Ilibidi uingie kwenye BIOS uzime AHCI. Halafu draiva: bila draiva ya mtandao huingii intaneti kuitafuta hiyo draiva ya mtandao! Kwa mtu wa Malambo, ilipasa azibebe zote kwenye flashi kabla hajapanda gari Arusha.

Linaloniuma ni hili. Haki ya kurudi XP bila kununua leseni nyingine ilitolewa kwa wenye Vista Business na Ultimate, matoleo ya ghali. Mwenye Home Basic, yaani mwenye kipato kidogo, hakuwa nayo. Tarehe 30 Juni 2008 XP ikasitishwa madukani, isipokuwa kwenye laptopu ndogondogo za bei ya chini. Kilichobaki kwa wengi ni CD ya kunakili, pamoja na virusi vyake. Na tarehe 8 Aprili 2014 hata XP halali ikaacha kupewa viraka vya usalama.

Tarehe 14 Oktoba 2025 ikawa zamu ya Windows 10, huku Windows 11 ikidai GB 4 na chipu ya TPM 2.0. Je, wanapotengeneza mfumo mpya, wanamfikiria mwalimu yule wa Malambo?

Tafakari.