Nakala si gitaa la pili

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na sababu yenyewe ni gitaa la umeme. Leo tunaweka kando mambo ya programu kidogo. Kidogo tu, mtaona.

Wanaosikiliza roki wanajua ule mlio ninaousema. Unavaa vipokea sauti masikioni, ngoma na mwimbaji wako katikati, halafu magitaa yanaingia kama kuta mbili, moja kushoto na moja kulia, na katikati pamebaki wazi. Mimi hurekodi nyumbani usiku, na nilizitaka kuta hizo. Nina gitaa moja na laptopu moja. Basi nikafanya kile ambacho mtunga programu yeyote angefanya. Nilirekodi mara moja, nikanakili ile treki (yaani ule mstari mmoja wa sauti ndani ya programu ya kurekodia), nikasukuma moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa.

Wapi! Gitaa lilibaki pale pale katikati, ila kelele iliongezeka.

Nilidhani programu ina hitilafu. Nikaandika skripti fupi ya kutoa faili moja kutoka kwa nyingine, sampuli kwa sampuli. Jibu lilikuwa sifuri, sifuri, sifuri, mpaka mwisho wa wimbo. Masikio mawili yakipata kitu kile kile kwa wakati ule ule, ubongo unaamua kwamba kimetoka mbele yako. Sikuwa na magitaa mawili. Nilikuwa na gitaa moja lililoandikwa mara mbili kwenye diski.

Nikajaribu ujanja. Nakala ya kulia niliichelewesha milisekunde 10. Naam, upana ukaja, lakini gitaa likaegemea kushoto, na hata nilipoongeza sauti ya kulia halikukubali kurudi. Kisha nikaucheza wimbo kwenye simu yenye spika moja. Gitaa likawa jembamba, kana kwamba linapigwa ndani ya mtungi. Hapo nikaacha kubahatisha nikaanza kusoma historia, na nikakuta kwamba kosa langu la pili lilikwisha elezwa kabla baba yangu hajazaliwa.

Tuanze na Les Paul, Mmarekani aliyekuwa mpiga gitaa na fundi kwa pamoja. Mwaka 1948 kampuni ya Capitol ilitoa wimbo wake uitwao "Lover", wenye sehemu nane za gitaa, zote zikiwa zimepigwa na yeye. Hakuwa na kanda za sumaku wakati huo. Katika gereji ya nyumba yake kule Hollywood alikuwa na mashine ya kuchonga sahani za santuri. Alirekodi sehemu ya kwanza kwenye sahani, akaicheza huku akipiga ya pili juu yake, na vyote viwili vikachongwa kwenye sahani mpya. Kisha ya tatu, na ya nne. Kila hatua iliongeza mchakacho wa sahani, na ukikosea sehemu ya saba ulirudi kwenye sahani iliyotangulia ukajaribu tena.

Mwaka 1949 Bing Crosby alimpa mashine ya kanda ya Ampex. Les Paul akaifunga kichwa kimoja zaidi cha kusoma, ili sauti ya zamani isomwe na kurekodiwa upya pamoja na ile mpya kwenye kanda ile ile. Ni hapa ndipo mimi hutokwa na jasho, kwa sababu njia hiyo ilifuta kila kilichotangulia. Hakukuwa na nakala ya akiba. Ukikosea safu ya mwisho, umeua wimbo mzima. Mimi stima ikipotea katikati ya kurekodi napoteza dakika mbili, na hulalamika mpaka majirani wasikie. Yeye na mkewe Mary Ford walifanya kazi hivyo, safu juu ya safu, na wimbo wao "How High the Moon" ukashika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1951.

Lakini angalieni jambo moja. Nyimbo hizo zilikuwa za mono. Magitaa ya Les Paul yalikuwa mengi na manene, lakini hayakuwa mapana, kwa sababu yote yalitoka kwenye spika moja. Upana ulihitaji stirio. Wazo la stirio lilikuwepo tayari. Alan Blumlein, mhandisi wa EMI huko Uingereza, aliomba hataza yake mwaka 1931. Santuri za stirio zenyewe zilifika madukani kwa wingi kuanzia mwaka 1958.

Mwaka ule ule Crosby alipotoa zawadi yake, 1949, Mjerumani Helmut Haas alikamilisha utafiti wake wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen. Aliwachezea watu sauti moja kutoka spika mbili, akiichelewesha ya pili. Aligundua kwamba mchelewo ukiwa mdogo, kama milisekunde 1 hadi 30 hivi, sikio halisikii mwangwi. Linasikia sauti moja tu, nalo linaiweka upande wa spika iliyotangulia, hata kama ile iliyochelewa ina nguvu zaidi kwa kiasi fulani. Hiyo ndiyo sababu gitaa langu lilikataa kutoka kushoto! Sikuwa na tatizo la programu. Nilikuwa nashindana na namna sikio la binadamu linavyofanya kazi.

Na ule wembamba kwenye simu? Hiyo ni hesabu tu. Ukichanganya sauti na nakala yake iliyochelewa milisekunde 10, mawimbi ya mitetemo 50 kwa sekunde yanakutana kinyume na kufutana. Vivyo hivyo ya 150, ya 250, ya 350, na kuendelea juu. Gitaa linapotobolewa matundu kama chanuo kiasi hicho, usitarajie libaki na mwili.

Sasa twende London, studio za EMI pale Abbey Road. John Lennon alipenda sauti yake iimbwe mara mbili na kulaliana, lakini alichukia kazi ya kuimba mara ya pili. Mwaka 1966, wakati Beatles wakirekodi albamu ya Revolver, fundi Ken Townsend alimtafutia dawa. Katika mashine ya kanda, mkanda hufika kwenye kichwa cha kurekodia kabla ya kile cha kusomea, kwa hivyo ukiisoma sauti kwenye kichwa cha kurekodia unaipata mapema kidogo. Townsend aliichukua hiyo ya mapema, akaipitisha kwenye mashine ya pili ili ichelewe, kisha akaichanganya na ile ya kwanza. Zilikaribia kukutana, si kabisa. Utamu wenyewe uko hapa. Mwendo wa mashine ya pili ulitawaliwa na kifaa ambacho fundi aliweza kukizungusha kwa mkono, kwa hivyo pengo kati ya sauti mbili halikukaa mahali pamoja. Liliongezeka na kupungua.

Kwenye skripti yangu pengo lilikuwa namba 10, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa Townsend lilikuwa kigeugeu. (Miaka mingi baadaye, mwaka 1991, Butch Vig alimshawishi Kurt Cobain arudie kuimba sehemu zake katika albamu ya Nevermind kwa kumwambia kwamba hata Lennon alifanya hivyo. Nacheka kila nikikumbuka, maana Lennon ndiye aliyekuwa akiikimbia kazi hiyo.)

Nikaiga. Nikafanya pengo langu litangetange kati ya milisekunde 8 na 20. Ikawa afadhali, lakini noti zilianza kuyumba kama zimelewa, na kila ukucha ulipogusa waya, mguso wa kushoto ulifanana kabisa na wa kulia. Sikio halikudanganyika.

Aliyenifumbua macho ni Tom Scholz. Huyu ni mtu wetu kabisa, mhandisi wa mitambo kutoka MIT aliyefanya kazi Polaroid mchana, na usiku akirekodi kwenye chumba cha chini cha nyumba yake huko Watertown, Massachusetts. Kampuni ya Epic ilipoipenda kanda yake ya majaribio ilitaka nyimbo zirekodiwe upya katika studio ya kitaalamu. Mtayarishaji John Boylan akaenda Los Angeles na wanabendi wengine, na Scholz akabaki chini kule akipiga magitaa. Albamu ya Boston ilitoka mwaka 1976 na imeuza zaidi ya nakala milioni 17 Marekani peke yake. Ile sauti kubwa ya magitaa inayojaza pande zote haikutoka kwenye kifaa cha siri. Aliyapiga safu kwa safu, akirudia mpaka yalingane. Randy Rhoads naye, katika albamu ya Blizzard of Ozz ya mwaka 1980, alipiga solo zake mara tatu, noti kwa noti. Sijui kama mmewahi kujaribu kurudia solo yenu wenyewe noti kwa noti. Jaribuni kabla hamjaniandikia kwamba ni rahisi.

Kichekesho ni kwamba mwaka 1982 Scholz huyo huyo alianza kuuza Rockman, kisanduku cha kufunga kiunoni chenye sauti ya stirio iliyopanuliwa kwa umeme. Kilipendwa sana, na kina mlio wake mzuri. Ila si mlio wa mtu aliyepiga mara mbili.

Ukipiga mara mbili, noti hii mkono wa kushoto unatangulia milisekunde 6, inayofuata wa kulia unatangulia 11. Kidole kinabana waya zaidi kidogo, noti inapanda unywele mmoja. Sikio likitaka kutumia kanuni ya Haas kuliweka gitaa upande fulani, noti inayofuata inakanusha. Mwisho linakata tamaa na kusikia watu wawili. Na kwenye spika moja hakuna chanuo linalodumu, kwa sababu matundu yanahama kila mara. Wapenzi wa rumba ya Kongo mtaniambia kwamba hili si geni, kwamba solo na mi-solo havipigi kitu kimoja ndiyo maana muziki unajaa chumba. Kweli, ingawa pale kila gitaa lina sehemu yake. Hapa sehemu ni moja na tofauti ni ya bahati mbaya.

Basi Jumamosi nikakaa chini nikapiga. Nilipunguza ukali wa mlio kuliko nilivyozoea, kwa kuwa magitaa mawili makali yakikutana yanakuwa tope. Nilirekodi ya kushoto, nikabadilisha swichi ya gitaa, nikafunga ile treki ya kwanza sauti ili isinivute, nikapiga ya kulia kwa kufuata ngoma tu. Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Mara ya tisa ikakaa. Kwenye kipande cha tatu cha kiitikio nimechelewa kidogo, nimeiacha hivyo hivyo.

Nikaendesha tena ile skripti yangu ya kutoa. Safari hii haikujibu sifuri. Ilijibu gitaa zima, likinguruma kwa namna yake, refu kama wimbo wenyewe.