Ugomvi wa Makedonia

Husemwa mara nyingi kwamba mataifa ya Balkani yalipigana kwa kuwa yalichanganyikana mno. Maneno hayo hayatoshi. Katika Makedonia, Waslavu, Wagiriki, Waturuki na Waalbania walikaa pamoja karne nyingi chini ya Dola ya Uturuki. Thesaloniki, mji ule ambao Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wake nyaraka, uliwapokea Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Na mwanzoni mwa karne ya 20 hao ndio waliokuwa wengi kuliko jamii nyingine yo yote mjini. Sisemi kwamba utawala ule ulikuwa wa haki, maana kwa muda mrefu Mkristo hakuhesabiwa sawa na Mwislamu. Lakini serikali iliwagawa raia kwa dini, si kwa lugha, na mkulima aliyeulizwa taifa lake aghalabu alijibu kwamba yeye ni Mkristo.

Katika karne ya 19 likaenea wazo jipya, ya kuwa kila taifa lapaswa kuwa na dola yake, na kila dola iwe ya taifa moja. Hapo majirani watatu wakaidai Makedonia. Mgiriki alimtaja Aleksanda Mkuu. Mserbia alimtaja Dušan, aliyetawazwa Skopje mwaka 1346. Mbulgaria alishika Mkataba wa San Stefano wa Machi 1878, uliompa karibu nchi yote, kabla madola makubwa hayajamnyang'anya huko Berlin mwezi Julai. Kila mmoja aliichagua siku ambayo mipaka yake ilikuwa mipana, akaiita haki.

Vita vyenyewe vilianzia shuleni. Mwaka 1870 Sultani aliwaruhusu Wabulgaria kuwa na kanisa lao, mbali na Patriaki wa Konstantinopoli, na wilaya ambayo theluthi mbili za Wakristo wake walitaka iliweza kuhamia huko. Penye kanisa palikuja mwalimu. Basi watoto waliosema lugha moja nyumbani waliweza kutoka shuleni mmoja akiwa Mgiriki, wa pili Mbulgaria, wa tatu Mserbia. Sisi tulio walimu hatuwezi kulisoma jambo hilo kwa moyo mwepesi. Baadaye zikaja bendi za watu wenye bunduki, na kijiji kilichochagua kanisa lingine kikachomwa moto.

Mwaka 1912 nchi hizo tatu, pamoja na Montenegro, zilimfukuza Mturuki. Mwaka 1913 zikapigana zenyewe kwa zenyewe, na Makedonia ikagawanywa.

Mwaka 1923 Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu, na kipimo kilikuwa dini. Waislamu wa Krete, wengi wao wakisema Kigiriki, walipelekwa Uturuki. Wakristo zaidi ya milioni 1 waliingia Ugiriki, wengine wakijua Kituruki tu. Wengi walikalishwa Makedonia, na watoto wao wakaanza kujifunza Kigiriki shuleni.