Nani Aonje Pombe?

Somo hili lilisomwa redioni, na hapa limechapwa ili mlisome polepole pamoja na mwalimu wenu. Leo tutazungumza habari za waonjaji wa pombe. Asiyekunywa asifunge kitabu. Sikuja kumshawishi mtu anywe, na mwisho wa somo kuna kazi ya kufanya ambayo haihitaji pombe hata tone moja.

Nyote mnajua desturi ya vijijini kwetu. Mgeni akiletewa mbege, busaa au ulanzi, aliyepika huonja kwanza mbele ya watu. Kwa kuonja huko anasema mambo mawili: kwamba hamna sumu, na kwamba pombe imeiva. Basi swali letu ni hili: pombe inapouzwa kwa fedha, na mpishi hamjui mnywaji, nani aseme kama ni nzuri au ni mbaya?

Waingereza wa zamani walijibu kwa kumteua mtu. Katika karne ya 13 mfalme wao aliweka sheria iliyofunga bei ya mkate na ya pombe kwa bei ya nafaka. Nafaka ikipanda, pombe ipande, ikishuka, ishuke. Kila mji ukachagua mwonjaji wake. Mama aliyepika pombe (maana wapishi wengi walikuwa wanawake) alisimamisha mti mbele ya nyumba yake, kama ishara kwamba pombe iko tayari. Mwonjaji alikuja, akaonja, akatazama kipimo na bei. Pombe ikiwa mbovu au kipimo kikipunjwa, mpishi alitozwa faini. Mwaka 1556 mji wa Stratford ulimpa kazi hiyo John Shakespeare, ambaye baadaye alimzaa William, yule mtunzi wa michezo.

Mtasikia hadithi kwamba mwonjaji alimwaga pombe juu ya benchi, akaikalia kwa suruali ya ngozi, akaona kama inanata. Hadithi hiyo inachekesha, lakini wanahistoria hawakupata ushahidi wake. Jambo walilolipata katika vitabu vya mahakama halichekeshi. Mahali pengi wapishi walewale walitozwa faini ileile mwaka baada ya mwaka, wazuri kwa wabaya. Faini ikageuka kodi, na ulimi wa mwonjaji ukawa chombo cha kukusanya fedha.

Huko Bavaria, katika Ujerumani, watawala walipita njia nyingine. Mwaka 1516 waliamuru bia ipikwe kwa shayiri, maji na hopsi tu. Hopsi ni maua ya mmea unaotambaa, nayo hutia bia uchungu na kuizuia isiharibike upesi. Hamira haikutajwa, kwa sababu watu hawakujua bado kazi yake. Sheria hiyo ilipanga pia bei. Walakini sheria yaweza kusema kitu gani kiingie katika chungu. Haiwezi kusema kama kilichotoka kinanyweka.

Sasa nendeni nami mpaka mji wa Plzeň, ambao Wajerumani huuita Pilsen. Leo uko katika nchi ya Wacheki. Wakati ule ulikuwa chini ya mfalme mkuu wa Austria. Tangu mji ulipoanzishwa mwaka 1295, raia wenye nyumba fulani walikuwa na haki ya kupika bia na kuiuza. Haki hiyo ilirithiwa pamoja na nyumba, kama shamba. Twaweza kufikiri kwamba mtu mwenye haki ya namna hiyo hana haraka ya kujifunza, kwani mnunuzi atakwenda wapi? Bia ya Plzeň ikawa mara nzuri, mara mbaya, na mara nyingi ilichacha.

Mwaka 1838 watu walichoka. Mapipa 36 ya bia yalibingirishwa mpaka mbele ya jumba la mji, na bia yote ikamwagwa barabarani, kila mtu akiona. Fikirini hasara ile: shayiri, kuni, na kazi ya majuma, vyote vikitiririka katika mfereji. Ile ndiyo hukumu ya mwonjaji iliyo kali kuliko zote ninazozijua, nayo haikutolewa na ofisa mmoja.

Wenye haki ya kupika walikuwa na njia mbili. Wangeweza kuwakasirikia wanunuzi na kushika haki yao ya kale. Au wangeweza kukubali kwamba ulimi wa mnunuzi umesema kweli. Walikubali. Mwaka 1839 waliamua kujenga kiwanda kimoja cha ushirika, mali ya wote. Wakamwajiri mpishi kutoka Bavaria, jina lake Josef Groll, kijana wa miaka chini ya 30. Inasemekana alikuwa mtu mkali asiye na adabu, lakini kazi yake aliijua.

Alichokifanya ni hiki. Shayiri huloweshwa mpaka ichipue, ndipo ikawa kimea, kama vile mnavyofanya na ulezi. Kisha kimea hukaushwa. Zamani moto na moshi vilikigusa, kikawa cheusi. Huko Plzeň walitumia tanuri la namna ya Kiingereza, lenye kukausha kwa hewa ya moto, na kimea kikabaki cheupe. Maji ya mji ule ni laini, hayana chumvichumvi nyingi. Hopsi zilitoka Žatec, si mbali sana, nazo zina harufu nzuri. Hamira ilikuwa ya namna ya Bavaria, ambayo hufanya kazi polepole katika baridi na kuzama chini. Kwa hiyo walichimba maghala marefu chini ya ardhi.

Bia ya kwanza ilipikwa tarehe 5 Oktoba 1842. Tarehe 11 Novemba, siku ya Mtakatifu Martin, watu waliionja. Ilikuwa na rangi ya dhahabu, unaona mpaka upande wa pili wa bilauri, na povu jeupe juu. Waliomwaga mapipa 36 walikunywa hii. Bia nyingi za chupa zinazouzwa leo katika Afrika ya Mashariki ni wajukuu wa bia ile.

Na hapa kwetu nani alikuwa mwonjaji? Mwaka 1922 walowezi wawili ndugu, George na Charles Hurst, walianzisha kiwanda kidogo cha bia huko Nairobi. Mwezi wa Desemba masanduku 10 ya kwanza yalipelekwa hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na tembo mawindoni, na bia ikaitwa Tusker, yaani tembo mwenye pembe kubwa. Mwafrika aliweza kubeba sanduku mpaka mlangoni pa hoteli, lakini sheria ya kikoloni ilimkataza kununua bia ya namna ya Kizungu mpaka mwaka 1947. Tembo alikuwa wa nchi hii, na maji yalikuwa ya nchi hii, lakini ulimi wa mwenye nchi haukuulizwa.

Huko Marekani taabu ilikuwa nyingine. Kuanzia mwaka 1920 mpaka 1933 pombe ilipigwa marufuku, na baadaye kampuni kubwa zikameza ndogo. Ilipofika mwaka 1978 nchi ile ya watu zaidi ya milioni 200 ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100, na bia zao zilifanana kama mapacha. Baharia wa zamani, Jack McAuliffe, alikuwa amekaa Scotland na kuonja bia zenye nguvu ya ladha. Mwaka 1976 alianzisha kiwanda kidogo huko Sonoma, California, kwa vyombo vikuukuu vya maziwa. Hakikupata faida, kikafungwa mwaka 1982. Lakini wengine walikuwa wamekwisha kukitazama na kujifunza, na viwanda vidogo vikaongezeka.

Mwaka huohuo wa 1982 lilianza tamasha kubwa la bia katika mji wa Boulder. Katika miaka ya 1980 wanywaji walipiga kura huko kuchagua bia iliyo bora. Yakaanza malalamiko: je, watu wanachagua bia, au wanamchagua mwenye matangazo na zawadi nyingi? Mwishowe kura iliachwa, na waonjaji waliofunzwa wakaonja bilauri zisizo na jina. Katika karatasi moja inayotumiwa sana na waonjaji, bia hupewa alama hivi: harufu 12, sura 3, ladha 20, uzito wake kinywani 5, na maoni ya jumla 10. Jumlisheni wenyewe muone ni ngapi. Tazameni pia jinsi macho yalivyopewa alama 3 tu, ingawa ndiyo yanayodanganywa kwa urahisi na karatasi nzuri ya chupa.

Sasa kazi yenu, nayo ni njia iliyotumiwa na kiwanda cha Carlsberg huko Denmark tangu miaka ya 1940. Pikeni chai ya namna mbili, moja iwe na sukari kidogo zaidi. Jazeni vikombe vitatu: viwili vya chai moja, kimoja cha nyingine. Mwonjaji asione mkijaza. Aseme kipi ni tofauti. Akibahatisha tu, atapata mara 1 katika 3, kwa hiyo asisifiwe upesi. Ajaribu mara 6, mkibadilisha nafasi ya vikombe kila mara. Akipata zote 6, kwa bahati tupu jambo hilo hutokea mara 1 katika 729. Andikeni majina na hesabu zenu katika madaftari, tena mwanzeni na yule anayejisifu kuwa na ulimi mkali kuliko wote darasani.