Kati ya Kujitolea na Kujitoa

Kati ya kujitolea na kujitoa kuna silabi moja tu. Aliyejitolea amejileta mwenyewe. Aliyejitoa amekwenda zake, na hakuna mkataba wa kumrudisha. Mtu tunayemzungumzia hapa anaishi ndani ya silabi hiyo. Humpokea anayejitolea, humtafutia kazi inayomfaa, humfundisha, humpangia zamu, humshukuru, kisha hukesha akiomba kwamba mwezi wa tatu bado atamwona. Kazi yenyewe ni kongwe kama msaragambo. Kuihesabu kuwa taaluma, yenye chama chake, jarida lake na cheti chake, ni jambo la juzijuzi, nalo lilianzia mahali ambapo si wengi wangepataja: katika hospitali za magonjwa ya akili za Marekani.

Mwaka 1955 hospitali za majimbo za nchi hiyo zilikuwa na wagonjwa wa akili wapatao 559,000, idadi ambayo haikufikiwa tena. Wengi walikaa humo miaka na miaka, hata ndugu wakaacha kuja. Umma ulikuwa umekwisha kusikia habari za ndani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, wanaume wapatao 3,000 waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao walipangiwa kazi katika hospitali hizo, na walipotoka walisimulia waliyoyaona. Mwaka 1946 gazeti la Life likachapa picha za wadi hizo, na aibu ikawa ya taifa zima.

Baada ya picha wakaja watu: akina mama wa makanisani, wanafunzi, wastaafu. Walikuja kusoma barua kwa sauti, kuimba, kushona, kutembea bustanini na mtu ambaye hakutembelewa na yeyote. Hawakuwa wa kwanza kuingia hospitali kwa namna hiyo. Tangu 1918 Msalaba Mwekundu wa Marekani ulikuwa na wanawake waliovaa gauni za kijivu, wakiwatembelea askari katika hospitali ya Walter Reed jijini Washington. Na mwaka 1946 idara iliyowahudumia askari waliomaliza utumishi, wakati huo ikiongozwa na Jenerali Omar Bradley, iliunda utaratibu wake wa kitaifa wa watu wa kujitolea. Lakini wadi ya askari aliyevunjika mguu si wadi iliyofungwa kwa kufuli. Humu nani aingie, na nani, saa ngapi, na ufunguo abaki nao nani? Nani atamweleza mama wa watu kwamba mgonjwa asiyeitikia salamu hakumdharau? Nani atamtuliza muuguzi anayeiona wadi kama nyumba yake, amwambie kwamba mgeni huyu hakuja kumpeleleza? Ndipo akaajiriwa mratibu, cheo ambacho si cha daktari wala cha muuguzi, na ambacho wote wawili hawakujua wakiweke wapi.

Ajira ya namna hiyo ina upweke wake. Hospitali yenye madaktari kumi na wauguzi mia inaweza kuwa na mratibu mmoja, naye hana wa kumuuliza swali la kazi yake hata wakati wa chakula cha mchana. Mwaka 1960 wapweke hao waliunda Chama cha Waratibu wa Huduma za Kujitolea cha Marekani, kilichojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, AAVSC. Mimi nausoma mwanzo huo hivi: kabla hakijawa chombo cha kudai heshima au kuweka viwango, chama kilikuwa mahali pa kukutana na mtu mwingine anayeijua shida yako bila kuelezwa.

Muongo huo ulikuwa wa kujitolea kila upande. Mwaka 1961 serikali ya Kennedy iliunda Peace Corps, na kundi mojawapo la mwanzo kabisa, la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, likashuka Tanganyika miezi michache kabla ya Uhuru. Huko Royal Oak, jimbo la Michigan, hakimu Keith Leenhouts alikuwa akiwatumia raia wa kawaida kuwaangalia vijana waliopatikana na makosa madogo, badala ya kuwapeleka jela. Katika mji wa Boulder, Colorado, mwanasaikolojia Ivan Scheier alifanya kazi ya namna hiyohiyo mahakamani, halafu akaanzisha kituo cha kukusanya na kusambaza habari za watu wa kujitolea katika mahakama, ambacho baadaye kilijumuisha kila aina ya kujitolea. Waratibu sasa walikuwa mahakamani, shuleni na katika ofisi za ustawi wa jamii. Mwaka 1967 Harriet Naylor, aliyeifahamu kazi hii kutoka katika vyama vya hiari na baadaye akaishughulikia serikalini, alitoa kitabu chake juu ya kuwatafuta, kuwafunza na kufanya kazi na watu wa kujitolea. Kwa mratibu wa mahakama na mratibu wa hospitali, kuona kwamba kitabu kimoja kinawafaa wote wawili kulikuwa ushahidi kwamba wanafanya kazi moja.

Naomba nitulie kidogo kwenye majina, maana historia ya vyama hivi inaweza kusomwa kwenye vibao vya milango yao. Katikati ya miaka ya 1970 AAVSC iliacha neno waratibu, ikajiita chama cha uendeshaji wa huduma za kujitolea. Muongo ulipokaribia kwisha ikabadilika tena, ikawa AVA, Chama cha Uendeshaji wa Kazi za Kujitolea. Neno Marekani nalo likaanguka njiani, kwa kuwa Wakanada walikuwemo na wengine walikuwa wakija. Mratibu alisikika kama karani. Mwendeshaji alisikika kama mtu mwenye ofisi. Meneja alikubalika kwa baadhi, wengine wakauliza: utamwamuruje mtu usiyemlipa? Sisi wenye Kiswahili tungewaelewa upesi, kwa sababu tuna neno nyapara, na hakuna anayelitaka neno hilo kwenye kadi yake ya kazi. Aliyejitolea hana nyapara. Lakini bila mtu wa kusimama mbele, watu ishirini waliokuja na majembe watachimba shimo moja.

Suala la mshahara lilikuwa chungu zaidi kuliko la jina. Wengi waliofanya kazi hii walikuwa wanawake, na wengi wa waliosimamiwa nao walikuwa wanawake. Mwaka 1971 Shirika la Kitaifa la Wanawake, NOW, lililoanzishwa miaka mitano kabla, lilipinga wazi desturi ya wanawake kutoa huduma za bure. Hoja yake ilikuwa kwamba kujitolea kwa ajili ya kubadilisha jamii ni sawa, ila kujitolea kuziba mapengo ambayo serikali ilipaswa kuyalipia ni unyonyaji uliovishwa nguo ya wema. Fikiria hoja hiyo ilivyosikika ukumbini mwa waratibu. Waliambiwa kwamba kazi yao yote ni kupanga foleni ya wanaonyonywa. Baadhi walikasirika. Lakini hoja ile iliwalazimisha kusema kitu ambacho hawakuwa wamekisema kwa sauti, kwamba saa ya bure ina thamani, na kwamba anayeisimamia anasimamia mali. Kwa maoni yangu, NOW iliisaidia taaluma hii kuliko baadhi ya marafiki zake.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya vitabu na masomo. Marlene Wilson, wa Boulder pia, alitoa mwaka 1976 kitabu kilichochukua maarifa ya uongozi wa biashara na kuyaingiza katika ofisi ya mratibu: kugawa madaraka, kuandika maelezo ya kazi, kutambua kinachomsukuma kila mtu. Mwaka 1977 Susan Ellis alianzisha kampuni yake, Energize, jijini Philadelphia. Mwaka mmoja baadaye, pamoja na Katherine Noyes, alichapisha historia ya Wamarekani kama watu wa kujitolea. Ellis, aliyefariki mwaka 2019, alikuwa na ulimi mkali. Wakubwa wa mashirika waliowasifu wanaojitolea jukwaani, kisha wakamnyima mratibu wao bajeti, hakuwapa nafasi ya kupumua. AVA kwa upande wake ilikuwa na jarida, mkutano wa kila mwaka, na utaratibu wa kutoa vyeti kwa wanaothibitisha ujuzi wao.

Ila ukitaka kujua chama kilikuwa wapi hasa, usiende kwenye mkutano mkuu. Nenda kwenye meza ya chakula cha mchana. Katika miji mingi ya Marekani na Kanada kulikuwa na vikundi vya waratibu wa mji mmoja, vilivyoitwa kwa kifupi DOVIA, ambavyo Scheier alivipigia debe kwa bidii. Wa hospitali, wa makumbusho, wa zimamoto na wa makao ya wazee walikaa pamoja, wakabadilishana fomu na mikasa. Vikundi hivyo havikuhitaji makao makuu wala katibu mtendaji. Mwanachama wa DOVIA alilipa ada ndogo na kurudi kazini na jibu la swali lake. Chama cha taifa kilimwomba ada kubwa zaidi, pamoja na nauli ya mkutano, na mwajiri wake mara nyingi hakuona kwa nini agharamie. Hapo ndipo penye ufa, na uliendelea kupanuka polepole.

Uingereza ilipita njia yake, lakini mlango wa kuingilia ulikuwa uleule. Mwaka 1963 hospitali ya magonjwa ya akili ya Fulbourn, karibu na Cambridge, ilimwajiri mratibu wa watu wa kujitolea. Mwaka 1969 kamati iliyoongozwa na Geraldine Aves, aliyekuwa ofisa mkuu wa ustawi katika Wizara ya Afya, ilitoa ripoti yake. Ilipendekeza kwamba wanaoandaa kazi za kujitolea wapatiwe mafunzo, na kwamba kiundwe chombo cha kitaifa. Chombo hicho kilifunguliwa mwaka 1973. Huko wasiwasi mkubwa ulitoka kwa vyama vya wafanyakazi, vilivyohofu kwamba watu wa bure watachukua nafasi za watu wa mshahara, na katika miaka hiyo ya 1970 ikabidi uandikwe mwongozo wa mipaka kati ya pande hizo mbili. Chama cha kitaifa cha wasimamizi wa sekta zote, AVM, kilichelewa sana: kilianza mwaka 2007.

Mwaka 2001 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu wa Kujitolea kwa azimio la Umoja wa Mataifa, na wasimamizi kutoka nchi mbalimbali walikutana Toronto wakaandika tamko la taaluma yao. Miaka miwili kabla, walikuwa wameshajipatia siku yao, ambayo sasa huadhimishwa Novemba 5. Siku ya wanaojitolea ni Desemba 5. Wasimamizi wamejiweka mwezi mzima mbele, kama wapishi wanaofika harusini kabla ya wageni.

AVA haikufika mbali baada ya hapo. Mwaka 2006 mambo yake ya fedha yaliharibika, na chama kilichokuwa kimebadilisha majina kwa zaidi ya miaka 40 kikavunjwa. Kilichofuata kinafanana na mirathi ya mtu aliyekufa bila kuacha wosia: kila jamaa alibeba alichoweza kukitunza. Jarida lilipata makazi katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina, likaongezewa neno kimataifa katika jina lake. Vyeti vilichukuliwa na baraza jipya, CCVA, lililoundwa mwaka huohuo kwa kazi hiyo tu. Wanachama ndio waliobaki bila paa, hadi 2009 kilipoanzishwa chama kingine, AL!VE, chenye alama ya mshangao katikati ya jina. Safari hii neno lililochaguliwa lilikuwa viongozi. Mwendeshaji naye alikuwa ameachwa.

Cheti hicho cha baraza, kiitwacho CVA, bado kinatolewa. Anayekitaka hufanya mtihani, naye akifaulu huweka herufi hizo tatu baada ya jina lake. Kila baada ya miaka 5 hutakiwa kukihuisha, akionyesha kwamba bado anajifunza na bado yumo kazini.