Sindromu ya baada ya Ebola

Sindromu ya baada ya Ebola ni mkusanyiko wa matatizo ya kiafya yanayowapata baadhi ya watu waliopona Ebola, kwa miezi au hata miaka baada ya virusi kutoweka katika damu. Kama UVIKO-19 ya muda mrefu, huleta uchovu usioisha, usahaulifu na maumivu ya viungo na kichwa. Tofauti kubwa iko kwenye macho: uvimbe wa ndani ya jicho usipotibiwa mapema, kwa kawaida kwa matone ya steroidi, huweza kuleta mtoto wa jicho au upofu. Kwa hiyo uchunguzi wa macho haufai kuahirishwa.

Mashariki mwa Kongo, mlipuko wa 2018–2020, uliofika Goma Julai 2019, uliacha manusura zaidi ya 1,100. Wizara ya Afya, taasisi ya taifa ya utafiti wa kitabibu (INRB) na Shirika la Afya Duniani ziliwafuatilia kupitia kliniki maalumu. Hakuna dawa moja ya sindromu hii. Kila dalili hutibiwa kivyake, pamoja na ushauri nasaha, maana unyanyapaa huwaumiza manusura wengi. Kwa kuwa virusi huweza kubaki kwenye shahawa hata vikitoweka katika damu, wanaume hupimwa shahawa mara kwa mara hadi majibu mawili mfululizo yaonyeshe hazina virusi.